“Nilimtoa mwanangu kwenye jua. Je, ndiyo maana anaumwa?”

BARUA

Mwanangu wa safu hii, assalaam aleykum.

Mimi ni mama wa miaka 58, mzaliwa wa Tanga, ila maisha yangu sasa yako Glasgow, Uskoti. Nilikuja huku na wanangu wawili kumfuata marehemu mume wangu aliyetangulia kikazi. Mkubwa, wa kiume, alikuwa na miaka kumi na moja. Mdogo, wa kike, alikuwa na miaka saba, na huyu mdogo ndiye aliyenifanya nikuandikie usiku huu.

Leo ana miaka 31, ameolewa, ana binti wa miaka mitano. Miaka miwili iliyopita tulikuwa tunakunja nguo, akaokota khanga yangu nyekundu, akaitazama, akafumba jicho moja, kisha akafumba la pili. Akaniuliza, “Mama, hii khanga imechuja?” Nikamwambia khanga mpya hii, imechuja vipi? Kwa jicho la kulia aliiona nyekundu kama ilivyo. Kwa la kushoto aliiona kama imefuliwa mwaka mzima kwa dawa ya madoa. Baada ya siku tatu jicho lile likawa linauma akilizungusha, na katikati ya kila anachokitazama pana ukungu. Wiki zikapita, jicho likarudi, tukashukuru, tukasahau. Kisha ikaja ganzi ya miguu mpaka kiunoni, na kila akiinamisha kichwa anasikia kama shoti ya umeme inamshuka mgongoni. Hapo ndipo walipompiga picha za kichwa na mgongo, wakamtoa maji ya uti wa mgongo, wakasema ana MS.

Sasa anawekewa dripu ya okrelizumabu kila baada ya miezi sita. Tangu aanze hajapata shambulio jipya, ila anachoka, na baridi iliyopita aliumwa mafua na kifua mara tatu.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Mtu mmoja katika kundi letu la WhatsApp la watu wa pwani alituma maelezo kwamba MS ni ugonjwa wa kukosa jua, kwamba kwetu haupo kwa sababu jua lipo. Nilisoma mpaka alfajiri. Nikajiona ni mimi niliyemtoa Tanga, mtoto aliyekuwa akishinda uani anacheza kombolela, nikamleta mahali ambapo mwezi wa Desemba jua linazama hata saa kumi haijagonga. Na ni mimi niliyemfundisha kuvaa hijabu na nguo ndefu tangu ana miaka kumi.

Mtu huyo anauza matone ya vitamini D. Alisema mwanangu anywe yuniti 40,000 kila siku, aache maziwa na jibini, anywe maji mengi, na aachane na dripu maana “dripu inaua kinga”. Nimenunua chupa tatu. Ziko kabatini nyuma ya mkebe wa iliki. Sijampa bado. Dripu inayofuata ni baada ya wiki tatu. Mkwe wangu alipoziona alinipandishia sauti, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Na binti mwenyewe amechoka na hospitali. Ameniambia, “Mama, wewe ukisema niache, naacha.”

Niambie ukweli bila kunificha. Ni mimi? Matone haya yatamsaidia? Nimrudishe Tanga akaote jua? Na huyu mjukuu wangu aliyezaliwa huku huku, nimfanyeje asije akawa kama mama yake?

Mama wa Glasgow

JIBU

Shikamoo mama.

Nianze na lenye tarehe. Binti asiikose dripu yake, na matone yale asiyaonje. Mengine tutayazungumza kwa nafasi, ila hili halisubiri mwisho wa barua, kwa kuwa mtoto ameshasema ukimwambia aache ataacha. Neno lako kwake ni zito kuliko la daktari. Nakuomba ulitumie kumpeleka.

Sasa tuje kwenye jua, maana ulichosoma usiku ule si uongo mtupu. Nimesimama nyuma ya kaunta ya famasi miaka mingi, na uongo mtupu sijaona ukiwapata watu wenye akili zao. Kinachowapata ni ukweli uliochanganywa, kama maziwa yaliyotiwa maji. Kwa hiyo nitakutenganishia.

MS, au maltipo sklerosisi kwa jina refu, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inamgeukia mwenyewe. Neva zetu zimevikwa utando wa mafuta unaoitwa mayelini, kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki, na kinga hiyo inauchubua utando kwenye ubongo, kwenye uti wa mgongo na kwenye neva za macho. Khanga yako ilichuja kwa sababu neva ya jicho la kushoto ilikuwa imevimba, na nyekundu ndiyo rangi inayofifia mapema neva hiyo ikiumia. Ile shoti ya mgongoni inatokana na uti wa mgongo kuchubuka sehemu ya shingo. Akiinama, unavutwa pale pale penye kidonda.

Kwamba ugonjwa huu umeshamiri zaidi mbali na ikweta ni jambo linalojulikana siku nyingi. Uskoti ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi duniani ukilinganisha na idadi ya watu, na visiwa vya Orkney vilivyo kaskazini mwake vimezidi hata bara. Mwaka 1960 Acheson na wenzake waliwachunguza wanajeshi wa zamani wa Marekani wakalinganisha ugonjwa na jua la mahali walipozaliwa, wakakuta palipo na jua haba ndipo penye MS zaidi. Mwaka 1974 mtafiti Goldberg akasema huenda siri ni vitamini D, kwa sababu ngozi huitengeneza kwa mwanga wa jua, na ini na figo huimalizia kazi. Seli za kinga zina mahali maalumu pa kuipokea, kwa hiyo wazo lake halikuwa la kubahatisha.

Ushahidi mzito ulikuja mwaka 2006. Jeshi la Marekani huhifadhi damu ya askari wake, na watafiti wa Harvard walikwenda kwenye ghala hilo la damu ya watu zaidi ya milioni 7, wakawatafuta askari 257 waliokuja kuugua MS baadaye, wakapima vitamini D kwenye damu waliyotoa wakiwa bado wazima. Kwa askari weupe, kila kiwango kilipopanda kwa nanomoli 50 kwa lita, hatari ya kuugua ilishuka kwa asilimia 41. Kwa askari weusi uhusiano huo haukuonekana, ingawa idadi yao ilikuwa ndogo. Mwaka 2015 wengine wakapita njia ya vinasaba: watu waliozaliwa na vinasaba vinavyowapa vitamini D kidogo maisha yao yote wanaugua MS zaidi. Hapo huwezi kusema ni ugonjwa uliowafungia ndani wakakosa jua, maana vinasaba vilitangulia.

Mpaka hapo mtu wako wa WhatsApp na mimi tuko pamoja. Lakini angalia jambo moja, mama. Yote hayo yanahusu watu kabla hawajaumwa. Kumpa vitamini mtu ambaye kinga yake imeshajifunza kumshambulia ni swali jingine, na swali hilo limeulizwa kwa majaribio ya kweli, watu wakigawanywa kwa kura, hawa dozi hii, hawa dozi ile.

Marekani walichukua wagonjwa 172 waliokuwa kwenye dawa yao ya kawaida, wengine wakanywa yuniti 600 kwa siku, wengine 5,000, kwa karibu miaka miwili. Matokeo yalitoka mwaka 2023: mashambulio hayakupungua kwa waliokunywa nyingi. Australia na New Zealand wakajaribu 1,000, 5,000 na hata 10,000 kwa watu waliopata shambulio la kwanza tu. Hawakuona tofauti.

Kisha ikaja Ufaransa, Machi 2025, na hii siwezi kukuficha kwa sababu bila shaka ndiyo wanayoitangaza wauzaji. Watu 316 waliokuwa na shambulio la kwanza, wasio kwenye dawa nyingine ya MS, walipewa ama yuniti 100,000 kila baada ya wiki mbili au kidonge kitupu, kwa miezi 24. Waliokunywa kidonge kitupu, 74 kati ya kila 100 ugonjwa wao ulionyesha uhai tena. Waliokunywa vitamini, 60 kati ya 100. Ni tofauti ya kweli, nami niliifurahia niliposoma. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilionekana kwenye picha za MRI kuliko kwenye mashambulio yenyewe. Lakini hebu ihesabu ile 60. Ni zaidi ya nusu ya watu, pamoja na vitamini yao, ugonjwa uliendelea.

Iweke sasa pembeni ya dripu ya binti yako. Mwaka 2017 okrelizumabu ilishindanishwa na interferoni, ambayo nayo ni dawa ya MS, si kidonge kitupu. Mashambulio yalipungua kwa karibu nusu, na vidonda vipya vyenye uvimbe kwenye picha ya ubongo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba tangu aanze hajapata shambulio. Hiyo ndiyo kazi ya dripu, na mtu akiacha haisikii siku hiyo wala mwezi huo. Inaweza kupita miezi, akasema unaona, niko sawa, kumbe kidonda kimeanza mahali ambapo hakuna khanga ya kumwonyesha.

Naja kwenye zile chupa.

Yuniti 40,000 kwa siku ni mara kumi ya 4,000, ambacho ndicho kiwango cha juu mtu mzima anachoshauriwa asikivuke bila daktari. Hata ile dozi kubwa ya Ufaransa ukiigawa kwa siku inakuja kama 7,000, na wale walikuwa wakifuatiliwa na madaktari. Vitamini C ikizidi hutoka kwenye mkojo, vitamini D haitoki hivyo. Inakaa kwenye mafuta ya mwili, inajaa, na kazi yake kubwa ni kuvuta kalsiamu kutoka kwenye chakula na mifupa kuingia kwenye damu. Ndiyo sababu umeambiwa aache maziwa na anywe maji mengi. Lifikirie sharti hilo, mama. Aliyelitunga anajua kabisa kwamba kalsiamu itafurika na figo zitalemewa, na anajaribu kuikinga mafuriko kwa kuondoa jibini mezani.

Jarida la madaktari la Kanada mwaka 2019 lilieleza habari ya mwanamume wa miaka 54 aliyeshauriwa na mtaalamu wa tiba asilia kutumia matone. Alikunywa kati ya yuniti 8,000 na 12,000 kwa siku kwa miaka miwili na nusu, kisha figo zake zikashindwa. Hiyo haifiki hata theluthi ya dozi aliyopangiwa mwanao. Na lipo la kutisha zaidi kwa mgonjwa wa MS: kalsiamu ikizidi, mtu anachoka, anapata choo kigumu, anakojoa mara kwa mara, akili inamvurugika. Zote hizo zinafanana na dalili za MS yenyewe. Sumu ingeingia nyumbani na kujificha nyuma ya ugonjwa, na nyote mngesema ni MS imezidi, mngemwongezea matone.

Mkwe wako alikosea kukupandishia sauti. Kwenye jambo lenyewe hakukosea. Mwombe mkae, umweleze ulichoniambia mimi kuhusu usiku ule uliokesha. Nadhani aliona chupa tu, hakuona hofu iliyozinunua.

Kuna neno moja la muuzaji nisingependa ulitupe lote, lile la dripu kuua kinga. Haiiui, ila inaondoa kundi moja la seli za kinga, na huenda ndiyo maana binti aliumwa kifua mara tatu. Hilo ni tatizo halali na lina mahali pa kupelekwa. Uskoti kuna wauguzi maalumu wa MS. Ampigie wake kabla ya siku ya dripu amweleze mafua yale yote. Wanaweza kupima protini za kinga kwenye damu na kuangalia chanjo zake. Mtu aliyechoka na hospitali mara nyingi amechoka kwa sababu anaenda kuchomwa sindano na kurudi bila mtu kumuuliza habari zake, kwa hiyo kabla hajaenda aandike maswali yake kwenye karatasi.

Vitamini D yenyewe basi? Aipate, mama, na kwa haki kabisa. Aombe kipimo cha damu cha vitamini D. Akiwa chini ya nanomoli 25 kwa lita huo ni upungufu mkubwa na daktari atampa dozi ya kujaza kwa muda maalumu. Akifika 50 na kuendelea yuko pazuri. Kwa kukupa picha: Wamasai na Wahadzabe wa kwetu Tanzania walipopimwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wastani wao ulikuwa 115, bila tone la dukani. Na hakuna Mmasai aliyewahi kupata sumu ya vitamini D kwa kuchunga ng’ombe juani, kwa sababu ngozi ikishatengeneza ya kutosha, jua lile lile linaivunja ya ziada. Chupa haina breki hiyo.

Glasgow iko karibu nyuzi 56 kaskazini ya ikweta. Kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi jua la huko, hata likionekana, halina mionzi ya kutosha kutengeneza vitamini D kwa mtu yeyote, awe amejifunika au amevaa kaptura. Ndiyo maana serikali ya huko inashauri kila mtu atumie mikrogramu 10 kwa siku miezi hiyo, na watu wenye ngozi nyeusi au wanaojifunika waitumie mwaka mzima. Mikrogramu 10 ni yuniti 400. Ukiona kichupa kimeandikwa mikrogramu, zidisha kwa 40. Daktari anaweza kumwambia binti atumie zaidi kidogo kulingana na kipimo, na hilo ni sawa. Ameze pamoja na chakula chenye mafuta, hata wali wa nazi, maana ndipo inapoingia vizuri. Kama mna wasiwasi wa halali, tatizo huwa ni jelatini ya ganda, si vitamini yenyewe. Vipo vidonge vikavu visivyo na ganda na vipo vya kupuliza mdomoni. Faida ya uhakika hapo ni mifupa. Mtu mwenye MS anaweza kuyumba akaanguka, na wengine hupewa steroidi wakati wa shambulio, nazo hupunguza nguvu ya mifupa. Kuvunjika nyonga ukiwa na MS ni mtihani juu ya mtihani.

Nimeliacha swali lako la kwanza mpaka hapa kwa makusudi. Ni wewe?

Umeniomba nisikufiche. Mahali mtu anapokulia kuna mchango. Daktari Geoffrey Dean alilichunguza hili Afrika Kusini: Wazungu waliohamia kule kutoka Ulaya wakiwa watu wazima walibaki na hatari ya Ulaya, ila waliohamia wakiwa chini ya miaka 15 hivi walikuwa na hatari ndogo ya wenyeji. Na Uingereza, utafiti wa mwaka 1990 uliwakuta watoto waliozaliwa huko na wazazi kutoka Afrika, Asia na Karibi wakiugua kwa kiwango kinachokaribia cha wenyeji, tofauti na wazazi wao. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba safari ile haikuwa na uhusiano wowote.

Lakini mahali si jua peke yake. Mwaka 2022 watafiti wale wale wa damu ya askari, sasa wakiwa na askari zaidi ya milioni 10, waligundua kwamba mtu akiambukizwa kirusi cha Epstein-Barr hatari yake ya MS inapanda mara 32. Kirusi hicho kinapita kwa mate, na karibu kila mtu duniani ataambukizwa wakati fulani. Kwetu watoto wengi wanakipata wangali wadogo sana, Ulaya wengi wanakipata ujanani, na kukipata ukubwani ndiko kunakoonekana kuwa na hatari zaidi. Juu ya hapo kuna vinasaba, kuna sigara, kuna unene wa miaka ya utineja, na kuna ukweli kwamba wanawake wanaugua mara mbili au tatu zaidi ya wanaume. Mama gani angeweza kuyaona yote hayo akiwa amesimama uwanja wa ndege na mabegi na watoto wawili?

Na hao watoto walikuwa wawili. Kaka yake alipanda ndege ile ile, akala chakula chako kile kile, akapita kwenye baridi zile zile za Glasgow. Umenitajia umri wake tu, hukuniandikia kwamba anaumwa. Kama ungekuwa umewaletea ugonjwa, ungekuwa umewaletea wote. Hata Uskoti penyewe, pamoja na sifa yake mbaya, hakufiki mtu mmoja mwenye MS kati ya kila watu 200.

Kuhusu hijabu, Waskoti wengi mno walio na MS hawajawahi kufunika kichwa isipokuwa kwa kofia ya sufi. Ni kweli kwamba kujifunika kunapunguza vitamini D. Nchi za Ghuba zina jua la kuunguza na bado wanawake wengi huko wana upungufu. Jibu la hilo ni kidonge cha mikrogramu 10, na kidonge hicho hakikuwa kikizungumzwa na yeyote kwenye kliniki ulizompeleka akiwa mtoto. Usijihukumu kwa elimu ya leo kwa jambo ulilofanya zamani kwa nia njema.

Na aliyeandika kwamba kwetu MS haipo, aje akae kwenye kliniki za neva za Nairobi au Dar es Salaam. Ipo. Ni adimu zaidi, hilo kweli, ila pia mashine za MRI ni chache na wengine wanaambiwa ni kiharusi au wanapelekwa kwa waganga.

Kumrudisha Tanga kwa ajili ya tiba, hapana. Ameshapita umri ambao jua lingebadilisha jambo, na dripu yake si dawa utakayoikuta kirahisi kule. Kumpeleka likizo akawaone shangazi zake, ndiyo, na nafsi itafurahi. Ila jueni mambo mawili. Joto huamsha dalili za MS kwa muda. Daktari wa macho wa Kijerumani, Wilhelm Uhthoff, aliliandika mwaka 1890. Akitoka kuoga maji ya moto au akitembea juani saa saba mchana, jicho linaweza kurudi kwenye ukungu na miguu ikalegea. Akipoa inarejea, haiharibu kitu, lakini asipoonywa ataogopa sana. Nendeni kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusi ukivuma. La pili, chanjo ya homa ya manjano ni chanjo hai na mtu aliye kwenye dripu ile hapaswi kupigwa. Waulizeni madaktari wake mapema, na njia mtakayopita isiwe ya kulazimisha chanjo hiyo.

Mjukuu. Kati ya watoto 100 ambao mama ana MS, takriban 97 hawaipati maishani mwao. Mpe mikrogramu 10 za vitamini D kila siku mwaka mzima, kwa sababu ya ngozi yake na mawingu ya huko. Sababu yangu ya kwanza ni matege, ambayo Glasgow inayajua vizuri tangu enzi za viwanda, na yanazuilika kwa hakika. Kama itampunguzia na hatari ya MS, tutashukuru. Acheze nje kila mvua ikikatika, asikae kwenye moshi wa sigara, ale vibua na dagaa na mayai. Usimpe hofu yako aibebe. Usiwe unamfumba jicho moja moja kila ukikunja nguo.

Zile chupa tatu usimwage sinki wala usimrudishie muuzaji akamuuzie mwingine. Zipeleke famasi yoyote hapo mtaani, watazipokea na kuziharibu. Kisha andika kwenye kundi lenu, kwa lugha yako, kwamba ulizinunua na kwa nini umezirudisha. Wako akina mama wengine humo waliokesha kama wewe.

Na siku ya dripu nenda naye. Inachukua saa kadhaa, na vyumba vile huwa na baridi. Mchukulie ile khanga nyekundu ajifunike, na chupa ya chai ya iliki.